Waraka kwa Wanachama: Ili Kumtambua Mgeni, Tuwajue Wenyeji

KWA: Wanachama wote wa kikundi cha watazama ndege, Likoni, Kisauni na Changamwe
KUTOKA: Katibu
KUH: Kuandika habari za ndege mbuai wanaoonekana nje ya maeneo yao msimu huu wa kaskazi

Wanachama wenzangu,



Kaskazi imeanza kuvuma, na mbuai wa mbali wanashuka nayo: kozi, tai na vipanga waliozaliwa Siberia, Mongolia, Oman na Ulaya. Wengi wao wanafuata njia zao za kila mwaka. Wachache hupeperushwa na upepo, au huwa wachanga wasioijua njia bado, wakatokea mahali ambapo hakuna aliyewatarajia. Kila msimu kama huu husikika habari ya ndege wa ajabu aliyeonekana Mwakirunge, Mtongwe au juu ya uwanja wa ndege. Habari hiyo husimuliwa siku mbili tatu, kisha hupotea, kwa sababu hakuna aliyeandika saa, mahali wala alama za mabawa. Nawaandikia kuwaomba jambo moja: msimu huu tuandike. Tena tusimngoje yule wa ajabu. Tuanze na wa kila siku.

Sababu yake ni hii. Ramani ya eneo la ndege hutokana na taarifa za watu wengi waliotembea, wakatazama na wakaandika. Tukisema kozi fulani yuko nje ya eneo lake, maana yake watu wamepachunguza mahali pale miaka mingi na hawakumkuta. Pasipo na maandishi, hatuwezi kusema kama amepotea au amekuwa akipita siku zote juu ya vichwa vyetu. Bara yetu ya Mombasa imo katika hatari hiyo. Watazamaji wengi wanaotoka mbali huteremka uwanja wa ndege wa Moi, kisha hushika njia ya Tsavo, Shimba Hills, Arabuko-Sokoke au Mida. Ni wachache wanaosimama Miritini au Mikindani. Kazi ya hapa ni yetu sisi tunaokaa hapa, na wahenga wametuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Chukueni mfano wa mwewe. Mwewe wetu wa kila siku, anayezunguka jaa la Mwakirunge na kunyakua vichwa vya samaki penye soko, ana mdomo wa njano. Mwewe anayekuja kutoka Ulaya na Asia ana mdomo mweusi. Hapo mtu hufurahi haraka na kutangaza mgeni. Lakini mwewe mchanga wa hapa naye ana mdomo mweusi kabla hajakomaa. Ambaye hajawatazama makinda wa mwewe wetu mwaka mzima hawezi kutuambia kwa yakini kwamba amemwona mgeni. Kadhalika kwa kipanga mla mijusi, kwa tai wa samaki wa hori za Mtwapa na Port Reitz, na kwa yule tai mweupe kwa mweusi anayekula tunda la mchikichi. Tuwajue hawa katika kila umri na kila manyoya, na mgeni atajitenga mwenyewe.

Waliobobea nao hupitiwa. Mwaka 2008, kozi wa Amur (Falco amurensis) alitokea Tophill Low, Yorkshire, nchini Uingereza, maelfu ya kilomita kutoka njia yake. Alikaa karibu mwezi mzima, kuanzia Septemba hadi Oktoba, na watazamaji wakamhesabu kuwa ni binamu yake mwenye miguu myekundu, ambaye hufika Uingereza mara kwa mara. Picha zilizoonyesha weupe chini ya bawa ndizo zilizosema kweli, naye akaingia katika vitabu kama kozi wa Amur wa kwanza nchini humo. Bila picha ya bawa lililokunjuliwa, habari hiyo isingekuwapo.

Mfano wa pili ni tai wa bahari wa Steller, ambaye kwao ni Kamchatka na pwani za mashariki ya Urusi. Mmoja wao alionekana bara ndani ya Alaska mwaka 2020, na mwaka 2021 akaonekana Quebec, New Brunswick na Nova Scotia kule Kanada, kisha Massachusetts na Maine nchini Marekani. Watu walijuaje kwamba ni ndege mmoja? Walilinganisha mabaka meupe ya mabawani, picha kwa picha. Maelfu ya watu waliofunga safari kumwona walikuwa wanafuata ushahidi.

Basi msimu huu tuwatazamie hasa hawa wanne.

Kwanza, kozi wa Amur mwenyewe. Huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, hupumzika kaskazini-mashariki ya India, kisha huvuka Bahari ya Arabu zaidi ya kilomita 2,000 bila kutua, hadi Somalia na Kenya, akielekea kusini mwa Afrika. Huwafika wenzetu wa Tsavo kuanzia mwishoni mwa Novemba, pamoja na mvua na kumbikumbi. Kerengende nao huvuka bahari hiyo majira hayo hayo, nao ni chakula chake. Dume ni wa kijivu cheusi, paja na mkia kwa chini ni wekundu wa kutu, miguu ya rangi ya machungwa, na chini ya bawa kwa mbele ni mweupe. Mkiona kerengende wengi ghafla juu ya viwanja vya Bamburi au Shika Adabu, inueni macho.

Pili, kozi wa kijivu (Falco concolor). Huyu huzaliana visiwani karibu na Muscat na katika Bahari ya Shamu, akiwalisha makinda wake ndege wadogo wanaohama, kisha huteremka Madagaska. Ni kijivu kote, miguu ni ya njano, hana kutu pajani, na akitua, ncha za mabawa hufika mwisho wa mkia au kuupita. Wenye jamaa Oman wanaweza kuwaambia kwamba ndege wa visiwa vyao hupita kwetu.

Tatu, vipanga wala nyigu. Yule wa Ulaya tunamfahamu. Ndugu yake wa mashariki, mwenye kishungi, kwao ni Siberia hadi Japani, na kwa desturi hukaa kusini ya Asia wakati wa baridi. Lakini siku hizi huonekana Oman na Falme za Kiarabu mara kwa mara. Akizidi kuelekea kusini-magharibi, pwani yetu ndiyo inayomngoja. Hesabuni manyoya yaliyotawanyika kama vidole kwenye ncha ya bawa: wa Ulaya ana matano, wa mashariki ana sita. Piga picha akiwa juu yako.

Nne, tai wa nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia, ambaye tangu 2015 amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka duniani. Mchanga wake ana mstari mpana mweupe unaokata katikati ya bawa kwa chini. Huyu hupendelea nyanda za ndani, kwa hiyo kila mmoja atakayeonekana Dongo Kundu au Nguuni ni wa kuandikwa kwa makini.

Kurabu watawasaidia. Ndege hawa walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakaenea pwani nzima, hawamvumilii mbuai yeyote. Wakipiga kelele na kumfukuza kitu angani, msipuuze. Na ninyi mnaofanya kazi Kipevu na Kilindini, kumbukeni kwamba mbuai waliochoka hutua melini katikati ya bahari. Mkimwona mmoja kwenye mlingoti, andikeni pia meli imetoka bandari gani, kwa maana aliyesafirishwa na meli si sawa na aliyekuja kwa mabawa yake.

Kila mwenye kuona na aandike haya:

1. Tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na mahali kwa jina la mtaa.
2. Upepo, mawingu na mwanga ulikuwaje.
3. Umbo kwanza, rangi baadaye: mabawa, mkia, vidole vya bawa, miguu, mdomo.
4. Alichokuwa akifanya, na ndege gani walikuwa karibu wa kumlinganisha naye kwa ukubwa.
5. Picha kadhaa, hata zikiwa mbaya. Bawa lililokunjuliwa lina thamani kuliko uso mzuri.
6. Jina mwisho kabisa. Usipolijua, andika kwamba hukulijua.

Orodha za kawaida zipelekwe Kenya Bird Map, mradi ulioanza mwaka 2013, ambao umeigawa nchi katika miraba yenye ubavu wa kilomita 9 hivi. Orodha kamili hutaka saa mbili za kutazama kwa bidii, na siku usiyoona mbuai hata mmoja nayo ni habari. Ndege wa nadra apelekwe kwa kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki kupitia Nature Kenya. Wakikurudishia maswali, usikasirike. Wanailinda taarifa yako ili idumu.

Sasa neno kuhusu uhai wa ndege wenyewe. Januari 2022, furukombe mwenye pete ya Makumbusho ya Helsinki aliokotwa na wanakijiji kaunti ya Siaya, baada ya safari ya karibu kilomita 7,000 kutoka Finland. Wanakijiji wakamfikisha kwa Huduma ya Wanyamapori ya Kenya (KWS), naye akapelekwa kwa waganga wa mbuai. Alikuwa amedhoofika, akafa. Lakini habari yake haikupotea, kwa sababu waliomwokota hawakumtupa wala kuificha pete. Tukimpata aliyeumia, tumfunike kwa nguo, tumweke ndani ya boksi lenye matundu penye kivuli, tusimlazimishe maji, na tupige simu KWS upesi. Herufi na tarakimu za pete tuzipige picha. Kumfuga bila kibali hakuruhusiwi chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013.

Tuzungumze pia na majirani wafugao kuku na vijana wenye manati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukilinganisha hali ya miaka 40, ulikuta spishi 19 kati ya 22 za mbuai zilizochunguzwa Kenya zimepungua. Watu hubadilika wakielezwa. Kule Doyang, Nagaland, kaskazini-mashariki ya India, kozi wa Amur walinaswa kwa nyavu kwa maelfu mwaka 2012. Mwaka 2013 wanakijiji wa Pangti na wenzao waliamua kuwalinda, na mauaji yakakoma msimu huo huo. Kozi wanaotufikia Desemba ni wale wale walionusurika kule.

Kwa hiyo naomba kila tawi liteue watu wawili wa zamu kwa kila mwisho wa wiki hadi mwisho wa Aprili, ndege watakapokuwa wakirejea kaskazini: Likoni washike Timbwani na Mtongwe, Kisauni washike Nguuni na Mwakirunge, Changamwe washike Port Reitz na hori ya Tudor upande wa Mikindani na Jomvu. Wenye darubini wawaazime wasio nazo. Penye kiota au mahali pa kulala mbuai, tusitangaze mtaa hadharani.

Leteni madaftari kwenye kikao kijacho, yakiwa na mwewe wa kila siku ndani yake. Tutayasoma yote.

Wenu katika kazi hii,
Katibu