Usimfichie ubao (Sehemu ya 6)

Mama zangu, mmoja wenu kaniandikia pembeni: "Nesi, mwanangu wa miaka 7 anashinda na sataranji, hachezi na wenzake. Niufiche ubao?"

Mimi nasema usiufiche. Mtafutie wenzake.

Regina Fischer wa Brooklyn, Marekani, alisomea unesi, akilea watoto wawili peke yake. Bobby wake alianza sataranji na miaka 6, akawa haambiliki. Mama akaliandikia gazeti akitafuta watoto wa kucheza naye. Kupitia barua ile Bobby akapata klabu na mwalimu.

Oktoba 1956, New York, Bobby ana miaka 13, akakutana na Donald Byrne, mtu mzima aliyebobea. Akafungua kwa Ulinzi wa Grünfeld: unamwachia mwenzio ashike katikati ya ubao, halafu unamshambulia kutokea pembeni. Hatua ya 17 akaacha malkia wake aliwe. Hatua ya 41, mfalme wa Byrne hana pa kukimbilia!

Na wewe mama fanya hivyohivyo. Mwachie mchezo wake, wewe ingilia pembeni: leta jirani, leta binamu.

Ila tusidanganyane. Bobby aliacha shule na miaka 16, na ukubwani alijitenga na watu. Kipaji hakilei mtoto. Kwa hiyo usihesabu vikombe, uliza leo kacheka na nani. Akiwa halali, hali, wala haangalii mtu usoni, mlete kliniki tumwone. Hilo kuficha ubao hakulitibu.