Kozi za Bure na Mikono ya Mkunga

Mwaka 2001 Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni, yasomwe na yeyote bila ada. Miaka kumi baadaye kozi ya akili unde iliyofundishwa na Sebastian Thrun na Peter Norvig kupitia Stanford iliandikisha wanafunzi wapatao 160,000. Shirika la Afya Duniani nalo likafungua jukwaa lake la kozi za bure, OpenWHO, mwaka 2017. Leo mkunga wa zahanati ya mbali anaweza kumsikiliza bingwa ambaye zamani angeliona jina lake kwenye jalada la kitabu tu. Hilo ni jambo la heri.

Ila neno "bure" lina mipaka. Ada haipo, lakini bando lipo, na uchovu wa zamu ya usiku upo. Masomo mengi ni ya Kiingereza. Tena kuna kozi za bure zisizo huria: mtu huruhusiwa kuzisoma, haruhusiwi kuzitafsiri. Katika mwaka wa kwanza wa kozi za MIT na Harvard kwenye edX, jukwaa walilolianzisha, usajili ulifika 841,687. Vyeti vilikuwa 43,196. Kwa haki, wapo waliohitaji sura moja tu, wakaisoma, wakaenda zao. Hao hawakushindwa.

Swali zito zaidi ni hili: kozi ikikamilika, mgonjwa hupata nini? Jibu moja lilipatikana Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Wahudumu walifundishwa kwa siku moja, ana kwa ana, namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri kuliko awali. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kwamba katika chumba cha kujifungulia huduma haikubadilika. Mabadiliko yalikuja baadaye, mazoezi mafupi yalipofanywa mara kwa mara palepale kazini. Utafiti wa mwaka 2015 ulionesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua.

Ikiwa mafunzo yenye mwalimu chumbani hayakutosha, video ya simuni itatosha vipi peke yake? Mtoto asiyepumua anahitaji hewa ndani ya dakika ya kwanza. Dakika hiyo si ya kukumbuka somo lililotazamwa miezi sita iliyopita.

Kwa hiyo vyuo vya afya vitoe kozi zake kwa Kiswahili, zipakuliwe mara moja na kusomwa bila intaneti. Mabaraza ya taaluma nayo yasiridhike na cheti kisichoambatana na mazoezi. Na mganga mfawidhi atenge dakika chache kila wiki, mwanasesere na mfuko wa kupulizia hewa vikiwa mezani katika wodi ya wazazi, si kabatini.