Mtoto wa mkulima naye awe mchawi

Majaribio yamekwisha, bumu nalo limekwisha, kilichobaki chumbani ni dadu. Leo nina hoja moja tu: ukicheza Dungeons & Dragons, usuli wa mhusika wako utunge mwenyewe, usiokote wa kitabuni.

Kwa wale wageni: mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mnakaa mezani, msimamizi anasimulia, kila mmoja anabeba mhusika wake, na jambo lenye utata linaamuliwa na dadu ya pande 20. Usuli ni maisha ya mhusika kabla ya safari: alikuwa askari, baharia, mkulima, nani.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kilikuwa na aina 13 za usuli. Kila mmoja ulikupa stadi mbili, lugha au vifaa, na upendeleo fulani katika jamii. Baharia alipata lifti ya bure melini, yeye na wenzake. Shujaa wa wanakijiji akisakwa, watu wa kawaida walimficha. Kitabu kipya cha 2024 kina aina 16, lakini upendeleo ule umefutwa. Badala yake unapewa kipaji, na usuli ndio unaoamua ni sifa zipi tatu unaruhusiwa kuziongezea pointi.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Mkulima wa 2024 anaongeza Nguvu, Ustahimilivu na Busara. Akili hamna! Na mchawi (naongelea mchawi wa vitabuni, si wa kumroga jirani) anategemea Akili karibu kwa kila kitu. Chukua ule mgawanyo wa kawaida wa alama, ambamo alama ya juu ni 15. Mchawi mwenye usuli wa Msomi anaipandisha Akili hadi 17, anapata nyongeza ya 3 kwenye dadu. Mchawi mtoto wa mkulima anabaki na 15 yake, nyongeza 2. Pengo ni moja tu, sawa na nafasi 5 katika 100 kila anapomlenga adui. Utasema ni dogo. Sisi tunaosomea ualimu tunajua pengo dogo likirudiwa kila siku linamfanya nini mtoto darasani.

Haki yao waandishi niwape. Mwaka 2014 pointi zilitokana na uzao: ukizaliwa nusu-orki, umepewa Nguvu, basi. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2020 kikaruhusu kuzihamisha. Kuzitoa kwenye damu na kuzipeleka kwenye malezi ni hatua, sikatai. Ila sasa malezi nayo yamegeuka damu. Ati kila aliyekulia shambani kafungwa na jembe.

Kuna washikaji wanasema, "Si uandike Msomi, halafu useme kwa mdomo alizaliwa shambani?" Hapana jamani. Karatasi ikisema hivi na mdomo ukisema vile, karatasi ndiyo inayoshinda, maana dadu haisikilizi hadithi.

Dawa ipo, na imo humo humo. Mwongozo wa msimamizi wa 2024 unaruhusu kutunga: chagua sifa tatu, kipaji kimoja cha mwanzo, stadi mbili, kifaa kimoja na mali ya kuanzia. Wangu nimeuita Mtoto wa Mchango. Kijiji kizima kilichanga ili akasome uchawi mjini. Sifa zake ni Nguvu, Akili na Busara. Kipaji ni kile kile cha mkulima, kinachoongeza uhai. Stadi ni Maumbile na Historia, kifaa ni zana za useremala. Hajapendelewa hata kidogo, hesabu ni ile ile ya wenzake.

Kisha nikamrudishia kile kilichofutwa. Kijiji chochote cha wakulima atakachofika, atapata uji na mkeka wa kulalia. Lakini kuna deni: nyumbani kukiharibika, mtu atatumwa kumtafuta, awe pangoni, awe ikulu. Kwangu mimi deni hilo lina thamani kuliko pointi zote, kwa sababu linampa msimamizi hadithi na linampa mchezaji uamuzi mgumu: hazina iko mbele, waliokusomesha wako nyuma.

Kwa hiyo ukitunga wako, anza na watu ndipo uende kwenye namba. Nani alimlisha? Nani anamdai? Nani anaweza kumbishia hodi saa nane za usiku na asiweze kumfukuza? Ukishajibu hayo, jaza namba bila kuzidisha, mwonyeshe msimamizi kabla dadu haijarushwa, ndipo mkae mezani.

Naomba kutoa hoja.