Anayeanza kufuga gapi anunue madume watupu

Katika maduka ya samaki wa mapambo, gapi ndiye samaki anayependekezwa kwa mtu anayeanza. Ni mdogo, ana rangi za kuvutia, hachagui sana chakula na hagombani na samaki wapole wanaowekwa naye katika tangi moja. Jambo ambalo mnunuzi huambiwa juu juu, au haambiwi kabisa, ni kasi yake ya kuzaliana. Mtu anachukua madume wawili na majike wawili kwa sababu wanapendeza wakiwa pamoja, na baada ya miezi michache anatafuta ndoo, jirani au mtaro wa kuwapeleka waliozidi. Hoja yangu ni kwamba tatizo hili lina wakati wake wa kutatuliwa, nao ni siku ile ile ya kununua. Anayetaka tangi la samaki mchanganyiko la kupamba sebule anunue gapi madume watupu. Anayetaka kuona wakizaliana, azalishe kwa mpango katika tangi la pili.

Sababu ya kwanza iko katika maumbile ya samaki mwenyewe. Gapi hatagi mayai. Huzaa vifaranga walio hai, wanaoogelea na kujitafutia chakula mara tu wanapozaliwa. Mimba huchukua takribani wiki 3 hadi 4, na jike aliyekomaa vizuri huweza kuzaa vifaranga 20, 30 au zaidi kwa mara moja. Tena huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kumwondoa dume leo hakuzuii uzazi wa mwezi ujao. Vifaranga nao hupevuka wakiwa na umri wa miezi 2 au 3. Tukichukulia kwamba jike mmoja anazaa 25 kila mwezi na wote wanaishi, mwezi wa 4 anakuwa na watoto 100, na binti zake 12 wa uzao wa kwanza wameanza kuzaa. Kila binti akizaa 10 tu, jumla inapita 200. Hata tukisema nusu yao wameliwa au wamekufa, bado ni zaidi ya 100 katika tangi lililonunuliwa kwa ajili ya samaki wachache.

Tangi la lita 60 haliwezi kubeba mzigo huo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kazi hiyo ya bakteria ina kikomo. Samaki wakiongezeka kila mwezi, uchafu hulizidi nguvu chujio, hewa hupungua, na samaki huanza kupanda juu kutweta. Kabla ya vifo kuna hasara isiyoonekana upesi: vifaranga hudumaa, magonjwa husambaa kirahisi, madume huwasumbua majike mchana kutwa, na ndugu hupandana na ndugu hadi kizazi kinadhoofika. Wanaoumia si gapi peke yao, maana samaki wengine wa tangi hilo wanaishi katika maji yale yale.

Wafugaji wa samaki wa chakula wa Afrika Mashariki walishakutana na tatizo hili kwenye mabwawa ya perege na sato. Bwawa lenye madume na majike hujaa vifaranga, chakula kinagawanywa kwa midomo mingi, na wakati wa kuvuna mfugaji anapata samaki wengi wadogo wasio na soko. Ndiyo maana wafugaji wengi wa kibiashara hununua vifaranga wa dume pekee. Kuwapata madume hao huhitaji utaalamu, kama vile kuchanganya homoni katika chakula cha vifaranga au kuwachambua mmoja mmoja kwa mkono. Kwa gapi kazi ni nyepesi mno. Dume ni mwembamba, ana rangi nyingi na mkia mpana, na pezi lake la chini ya tumbo limechongoka kama kijiti. Jike ni mnene zaidi, rangi yake imefifia, na pezi hilo limetanuka. Kuchagua majike watupu hakusaidii, kwa sababu jike mzima aliyekaa na madume dukani karibu kila mara ameshabeba mimba.

Wapo watakaosema maumbile yajiendeshe yenyewe, kwa kuwa gapi wakubwa hula vifaranga. Ni kweli wanakula, na katika tangi lisilo na mimea vifaranga wengi hawafikishi wiki. Lakini tangi zuri la nyumbani lina mimea na mawe, yaani maficho, na samaki walioshiba hawawindi kwa bidii. Wengine hushauri kuweka samaki mkubwa kidogo apunguze vifaranga. Huyo huyo anaweza kuikata mikia mirefu ya madume. Kuna pia wanaotarajia kuuza. Wanaofanikiwa ni wale wanaotenga matangi, wanaochagua wazazi na kutunza rangi maalumu. Gapi waliozaliwa kiholela huwa na rangi zilizochanganyika, na muuza duka ana wake wa kutosha.

Wakishindikana kuuzwa, hugeukiwa mto au mtaro, na hapa suala linatoka sebuleni na kuwa la umma. Wapo wanaoliita jambo hilo msaada, kwa kuwa gapi hula viluwiluwi vya mbu. Kwa sababu hiyo hiyo samaki huyu wa Trinidad na kaskazini mwa Amerika Kusini alisambazwa kwa makusudi, na sasa anaishi porini katika nchi zaidi ya 60 zisizo za asili yake, Kenya ikiwemo. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti uliotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2013 na kurudiwa 2017 haukupata ushahidi wa kuaminika kwamba kupandikiza samaki hupunguza maambukizi ya malaria. Baadhi ya mbu wakuu wanaoeneza malaria kwetu hupenda vidimbwi vidogo vya mvua, ambavyo hukauka na havikai samaki. Madhara ya kuachia yanajulikana zaidi. Mwaka 1957, huko Trinidad kwenyewe, mtafiti Caryl Haskins alihamishia gapi wapatao 200 sehemu ya juu ya mto Turure. Uzao wao ulishuka na mto na kuwafunika gapi wenyeji wa mto huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba jike mmoja mwenye mimba anaweza kuanzisha ukoo mzima. Gapi hana ukali wa sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kuchangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, lakini sangara anatukumbusha kwamba samaki akishaenea katika maji ya wazi harudishwi.

Kwa aliyekwisha kuzidiwa, njia halali zipo: kutenganisha jinsia, kugawa kwa wafugaji wenye nafasi, na ikibidi kuwaua bila kuwatesa kwa kipimo kikubwa cha mafuta ya karafuu, dawa ambayo wataalamu huitumia kuwalaza samaki. Lakini kazi hizo zote ni gharama ya uamuzi mmoja ambao haukufikiriwa. Anayehofia kwamba madume watupu watachosha macho akumbuke kwamba rangi anazozifuata ziko kwa madume. Mzazi anayetaka watoto wake waone uzazi anaweza kutenga jike mmoja, akijua mapema vifaranga watakwenda wapi. Na wenye maduka wana sehemu yao: watenganishe madume na majike katika matangi tofauti, na wamuulize kila mteja kama anataka pambo au anataka kuzalisha kabla hawajamfungia samaki kwenye mfuko.