Bakuli Hupita, Mfuko Hukaa



Msimu wa karafuu huja na furaha yake, na huja na msiba wake. Tawi hukatika, mchumaji huanguka, na jioni ile ile bakuli la mchango hupitishwa msikitini na barazani. Hatujapata kuona kijiji cha wakulima wa karafuu kikakataa kutoa. Sifa hiyo ni yetu, wala hatuna haja ya kuionea haya.

Lakini yatupasa tuambizane kweli. Katika kijiji kimoja tukijuacho vyema walianguka wachumaji wawili msimu mmoja. Wa kwanza alianguka mwanzo wa msimu, naye ni kijana mwenye jamaa wengi. Akachangiwa hata fedha zikabaki. Wa pili alianguka mwezi mmoja baadaye, naye ni mwanamke mjane, mgeni wa pale, aliyekuja kuchuma kwa pishi. Bakuli likapita vile vile, ila mikono ilikwisha choka, na karafuu za watu zilikuwa bado ziko majamvini, hazijauzwa. Mama yule alipata nauli ya kwenda hospitali. Ya kurudi hakupata. Hapana mtu aliyemtendea ubaya. Kosa lake ni kuanguka siku mbaya.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema: sadaka yetu ni nyingi, lakini haina mpango. Humfikia mwenye kujulikana kabla ya asiyejulikana, na msiba wa kwanza kabla ya wa pili. Tena msiba mkubwa ukija kwa wote pamoja, bakuli halifai kitu, kwa kuwa mwenye kutia ndiye huyo huyo mwenye kuhitaji. Wazee wetu waliyaona hayo mwaka 1872, tufani ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja.

Wako watu waliolifikiri jambo hili kabla yetu, na si vibaya kutazama walivyofanya. Katika mji wa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, Bwana Frederick Goff, mkuu wa benki moja ya amana, aliona kwamba matajiri wa mji huacha wasia wa sadaka, kila mmoja na sharti lake, na miaka ikipita sharti hubaki na haja huondoka. Mfano mmoja ulikuwa mashuhuri kwao. Bwana Bryan Mullanphy, aliyepata kuwa Meya wa St. Louis, alikufa mwaka 1851, akausia theluthi ya mali yake isaidie maskini wapitao mjini humo kwenda kufanya makazi mapya upande wa Magharibi. Siku zile wasafiri hao walikuwa tele. Reli ikaja, nchi ikajaa watu, wasafiri wale wakawa hawaonekani tena. Fedha zikabaki kumtafuta mtu wa kupewa, na maskini wengine wa mji wapo wanazitazama.

Basi Bwana Goff akaanzisha mfuko mmoja wa mji mzima, Cleveland Foundation. Mwenye kingi atie, mwenye kichache atie, vyote vichanganywe. Benki ikaangalia mali, lakini kugawa ikawa ni kazi ya kamati mbali, ambayo wajumbe wake wengine waliteuliwa na benki, na wengine na Meya na majaji. Kamati ilipewa ruhusa ya kuligeuza sharti lililopitwa na wakati. Tena kabla ya kutoa fedha nyingi, mfuko ulianza kwa kuchunguza hali ya mji, shule zake na maskini wake, ili ujue haja iko wapi. Mwaka uliofuata Chicago ikafanya yake, na leo mifuko ya namna hii duniani ni zaidi ya 1,800. Jirani zetu wa Kenya wana Kenya Community Development Foundation, iliyoasisiwa mwaka 1997, ambayo huzisaidia jumuiya za wenyeji kujiwekea akiba ya kudumu zisiishi kwa kungoja wafadhili.

Huenda mwanachama akasema, haya ni mambo ya watu wa mbali. Sivyo. Visiwani kwetu tuna wakfu tangu zama za mababu: mtu huweka shamba lake, asili isiuzwe, mavuno yaende msikitini au kwa mayatima. Kanuni hii twaijua kuliko Bwana Goff. Lakini wakfu hutaka mtu mwenye shamba, na mwenye sharti lake hana budi kufuatwa. Mfuko wa shehia haumtaki mtu awe na shamba zima. Humtaka awe na alicho nacho, nao hupokea kutoka kwa kila mkaazi na kumsaidia kila mkaazi, bila kuulizana dini wala kabila. Wakfu na ubaki mahali pake na heshima yake. Mfuko uwe ndugu yake.

Utakavyofanya kazi mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa. Mkarafuu hungojewa miaka sita, saba, hata minane ndipo uzae. Kisha huzaa maisha ya mtu na zaidi. Mchumaji mwema huchuma kikonyo na kuliacha tawi. Mwenye pupa hulivunja tawi, akapata karafuu za leo na kuharibu za kesho. Asili ya mfuko ndiyo tawi. Tuseme wanachama 200, kila mmoja atie Sh. 20,000 kwa msimu: hizo ni Sh. 4,000,000. Misimu mitano bila kugusa ni Sh. 20,000,000. Zikitiwa katika jambo la halali, kama vile duka la kupangisha au shamba, na zikaleta Sh. 5 kwa kila 100, mfuko utakuwa na Sh. 1,000,000 za kutoa kila mwaka, na ile asili ipo vile vile. Asiyeweza Sh. 20,000 na atie alicho nacho. Haba na haba hujaza kibaba.

Liko neno moja ambalo kila mtu hulisema moyoni na wachache hulisema barazani: nani atazishika fedha hizo? Swali hili ni la haki, na wala halina jibu la maneno matupu. Vyama vingi vimekufa kwa sababu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twaona mambo matatu yawe sharti, na likikosekana moja, mfuko usianzishwe kabisa. Kwanza, anayezishika fedha asiwe ndiye anayezigawa. Pili, kamati ya ugawaji iwe na wanawake na wachumaji, si wenye mashamba peke yao. Nayo ibadilishwe kila baada ya miaka mitatu. Tatu, hesabu isomwe kwa sauti mbele ya watu wote kila mwisho wa msimu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya waliosaidiwa yasisomwe, kwani mtu hasaidiwi ili aaibishwe.

Wala hatusemi bakuli livunjwe. Bakuli lina baraka yake, na usiku wa msiba hapana kitakachowahi kama bakuli. Tunasema lisiachiwe peke yake kazi lisiyoiweza.

Twaomba jambo hili liingizwe katika mkutano mkuu ujao, na kila tawi lije na maoni yake, ya kukubali au ya kupinga. Wazee walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo tunao. Kilichotukosa ni mahali pa kuuweka moyo huo, ili yule atakayeanguka mwisho wa msimu, hata akiwa mgeni asiye na jamaa, akute kilichowekwa kwa ajili yake kabla hajaanguka.