Unga Unauzwa Mchana Kweupe, Wanaokamatwa ni Wagonjwa

Tumechoka. Sisi wazazi, wapangaji, mama lishe na madereva wa bodaboda wa uswahilini, Dar es Salaam, tumechoka kuamka na kukuta koki imeng'olewa, mfuniko wa chemba haupo, sufuria iliyoachwa uani imeondoka. Aliyechukua tunamjua: ni mtoto wetu, tumemlea wenyewe. Vilikopelekwa tunakujua pia: kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, asiyeuliza koki imetoka nyumba ya nani. Ile hela inaishia kwa pusha, kijana anapewa kete ya unga, yaani heroini.

Na pusha naye tunamjua. Anauza jua likiwaka. Msako ukija, wanaopakiwa kwenye karandinga ni mateja waliokutwa na kete moja mfukoni. Baada ya siku chache wamerudi kijiweni, na muuzaji hata hakuhama. Jirani akithubutu kutoa taarifa, anatishiwa kabla jua halijazama. Nani aliyevujisha jina lake? Tunauliza kila kikao cha mtaa, hatujibiwi.

Unga haulimwi Temeke wala Kinondoni. Kwa miaka mingi heroini imetoka Afghanistan, ikavushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi kutoka pwani ya Iran na Pakistan hadi fukwe zetu. Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Tuliipongeza. Lakini mzigo wa zaidi ya tani tatu hauna mtaji wa koki za wizi. Una matajiri nyuma yake, na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ina kifungo cha maisha kwa watu wa aina hiyo. Hao ndio tunaotaka kuwaona kizimbani.

Wapo wanaosema mateja ni wavivu, waachwe wafe. Waje wamwone kijana mwenye arosto: kamasi zinamtoka, tumbo linamkata, mifupa inamuuma, anatapika na kuhara, usingizi hapati. Mtu wa hivyo havuti tena kwa starehe; anatafuta nafuu. Wanaojidunga wanachangia sindano, na kwenye sindano hizo wanapeana virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Siku akizidisha, pumzi inakata. Tumezika vijana, majirani tukiambiwa ni malaria.

Dawa ipo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na tumeona watu waliokatiwa tamaa wakirudi kwenye kazi na ndoa zao. Ila mgonjwa, hasa mwanzoni, anatakiwa kwenda kliniki kila siku akainywe mbele ya mhudumu. Asiye na kazi atapata wapi nauli ya kila siku? Akikosa, kete iko mlango wa pili. Haiwezekani sumu iwe karibu kuliko tiba!

Basi tunasema wazi. Kliniki za methadoni zisogezwe kwenye mitaa yetu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakaguliwe. Anayetoa taarifa alindwe, na anayevujisha jina lake ashtakiwe. Nawe mzazi, acha kusema mwanao yuko shamba wakati yuko kijiweni: mpeleke hospitali angali hai. Mgonjwa apelekwe kwenye tiba, muuzaji apelekwe mahakamani.