Nyumba Yetu: Moto Usiozimwa



Juma lililopita mwenzetu mmoja alikuja mkutanoni na habari ya binti yake anayeishi Maine, Marekani. Binti, mume na watoto walisafiri siku nne kwenda kwenye kilio. Kabla ya kutoka alizima joto la nyumba, kwa kuwa mazutu ni ghali na ndani habaki mtu. Waliporudi, mabomba yalikuwa yamepasuka na maji yamefika kwenye magodoro ya watoto.

Binti huyo hakukosa akili. Alifanya vile tulivyomfundisha: hapa kwetu, mama anayetoka anazima mbabula kwanza. Kule, wakati wa baridi kali, fundisho hilo linaharibu nyumba. Wengi wetu tuna mtoto, dada au mkwe Marekani ama Kanada, kwa hiyo tujifunze pamoja.

Baadhi ya nyumba za huko zina boila, mara nyingi katika chumba cha chini ya ardhi. Inachoma mazutu au gesi na kupasha maji. Pampu inayasukuma maji hayo katika mabomba yanayopita kandokando ya kuta, kisha yanarudi kupashwa tena. Boila ikizimwa, maji yanasimama, yanapoa, na baridi ikizidi yanaganda. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na bomba linapasuka. Mara nyingi hakuna anayejua mpaka barafu iyeyuke na maji yaanze kumwagika.

Basi mkiongea nao kwenye simu, waambieni haya:

Wakisafiri, joto wasilizime. Walishushe tu, lisipite chini ya digri 13 za Selsiasi, ambazo kule zinaandikwa 55 za Farenhaiti.

Chumba kisicholaliwa nacho kipate joto, na mlango wake uachwe wazi. Kitanda au kabati visibanwe kwenye vyuma vya joto vilivyo ukutani.

Wapime mazutu katika tangi kabla hayajaisha. Umeme ukikatika, pampu nayo inasimama. Kwa hiyo wamwachie jirani ufunguo, aingie kila siku kuangalia.

Wengine huacha robine idondoshe maji usiku. Hiyo inasaidia mabomba ya maji ya kunywa na kuoga. Mabomba ya joto haiyasaidii, kwa sababu maji yake hayapiti kwenye robine.

Ipo dawa ya kuzuia maji ya boila yasigande, lakini ni kazi ya fundi. Dawa ya gari wasiitie kamwe, ni sumu.

Chumba kimoja kikipoa ghafla na vingine vina joto, huenda bomba limeshaganda. Wamwite mwenye nyumba au fundi siku ileile, na kila mtu mzima nyumbani ajue mahali pa kufungia maji. Wasiyeyushe bomba kwa moto wa wazi. Nyumba nyingi za kule ni za mbao.

Na hili tunalisema kwa nguvu: joto likikosekana, wasiingize mbabula ya makala ndani. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na familia nzima inaweza kufa usingizini. Hata hapa kwetu, usiku wa baridi, tusilale na mbabula katika chumba kilichofungwa.

Mwenzetu alituambia kwamba binti yake alilia kwenye simu kwa haya, akidhani mama atamgombeza. Mama akamjibu: “Mwanangu, nilikufundisha ninachokijua. Hili nilikuwa silijui.”

Sasa tunalijua. Jumapili hii, baada ya salamu na habari za wajukuu, tuwaulize pia: joto la nyumba mmeliwekaje?

Tukutane juma lijalo.